Samaki wahema juu ya maji? Shida za bwawa tunazoziona sana huku Mombasa na jinsi ya kuzitatua

Simu za namna hii hunijia saa kumi na mbili asubuhi, karibu zote maneno ni yaleyale: "Kaka, samaki wangu wafa, niwatilie dawa gani?" Na mimi huuliza swali moja kabla ya yote, walianza kufa saa ngapi? Manake kwa mabwawa niliyoyaona huku kwetu, Utange, Shanzu, Mtwapa mpaka Likoni ng'ambo, ugonjwa wenyewe hasa ni mara chache. Mara nyingi ni maji, na maji yameharibiwa na chakula ambacho sisi wenyewe tumekimwaga kwa mapenzi. Kwa hivo weka hela ya dawa mfukoni kwanza, tafuta dalili inayofanana na yako hapo chini, anza na sababu ya mwanzo ndio ushuke.

Naongea zaidi kuhusu tilapia na kambare, ndio wengi wetu tunafuga. Mwatiko nitawagusa kwenye chumvi.

DALILI: Asubuhi samaki wote wako juu, midomo nje, wahema

Kwanza hakikisha ni tilapia. Kambare kupanda juu kuvuta hewa ni kawaida yake, ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje, usije ukamwaga bwawa zima kwa sababu kambare amekuja kukusalimia.

Ikiwa ni tilapia na ni alfajiri, sababu nambari moja ni oksijeni kuisha usiku. Ule ukijani kwenye maji ni vimea vidogo vidogo, mchana vikipigwa na jua vinatoa oksijeni, usiku vinaivuta kama wewe na mimi, na samaki wanaivuta, na uchafu ulioko chini ukioza pia unaivuta, basi ikifika saa kumi na moja alfajiri mfuko umebaki mtupu. Na joto letu halisaidii, maji ya nyuzi 30 hata yakijaa oksijeni hubeba kama miligramu 7.5 tu kwa lita, na tilapia wakishukia chini ya 3 wameshaanza kuteseka. Ndio maana Februari na Machi, kaskazi ikikaribia kuisha na upepo umelala, simu zangu zaongezeka.

Kipimo cha bure: tia mkono ndani ya maji ukiwa umenyoosha. Kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, uko sawa. Kikipotea maji hata hayajapita sana kifundo cha mkono, ukijani umezidi na usiku samaki wanakabwa. Ukiona vidole vizuri maji yamepita kiwiko, hapo una shida ya upande mwingine, bwawa halina chakula cha asili.

Sababu ya pili ni siku ya mawingu mazito. Hii ilinikuta mimi mwenyewe, mwezi wa tano, masika imeshika siku tatu jua halionekani, na mimi kwa ujinga wangu nikaendelea kulisha kama kawaida kwa kuwa samaki walikuwa wanakula. Siku ya nne asubuhi nikakuta bwawa jeupe, matumbo juu. Bila jua vile vimea havitengenezi oksijeni, na vikifa vyote kwa pamoja maji hugeuka kutoka kijani yakawa kama chai ya maziwa, ukiona rangi hiyo jua una saa chache tu. Mvua kubwa pia yaweza kupindua maji, yale ya chini yasiyo na hewa yakaja juu na tope lake.

Ya tatu, samaki wamezidi. Bwawa la kawaida lisilo na mashine ya hewa, weka samaki 2 au 3 kwa kila mita mraba, basi. Mtu ana bwawa la mita 10 kwa 10 ameweka vifaranga 1,500 kwa sababu muuzaji alimwambia "wengine watakufa tu". Kweli, walikufa.

La kufanya saa hiyohiyo: usilishe, hata punje. Ingiza maji mapya yakidondoka kutoka juu, tia mfereji kwenye sahani iliyotobolewa au jiwe yatawanyike, ule mtawanyiko ndio unachukua hewa. Huna maji mapya? Chukua pampu uvute maji ya bwawa lenyewe ya juu uyarushe hewani yarudi. Stima ikiwa imekatika, ndoo na vijana wawili watateka na kumwaga kwa kimo, si mchezo lakini nimeona imeokoa samaki. Usipige tope chini kwa miguu, utaamsha balaa. Baadaye punguza ukijani kwa kutoa kama robo ya maji ya chini na kujaza mengine, na chakula kata nusu kwa wiki nzima.

Wakihema hata saa saba mchana jua likiwaka, hiyo si oksijeni ya usiku tena. Angalia mashavu, yale matamvua ya ndani. Mekundu ya damu ndio mazima. Yakiwa ya hudhurungi, yamepauka au yana utelezi mzito, nenda kwenye sehemu ya vidonda huko chini, au pima amonia, ule uchafu samaki wanaoutoa majini.

SIMAMA HAPO: pampu ya kuzama ndani ya maji ikiwa na waya uliochubuka, au ukigusa maji ukahisi mnyonyo, toka, zima stima kwenye meni swichi, ita fundi wa stima mwenye leseni. Usiingie kuokoa samaki. Na usiteremshe jenereta wala mashine ya petroli ndani ya kisima, wala mtu asishuke kisimani ambako mashine imekuwa ikinguruma, ule moshi hauonekani na unaua watu wawili wawili, wa kwanza na yule anayeshuka kumtoa.

DALILI: Wamekufa wote kwa mpigo

Hapa fanya kazi ya upelelezi kabla hujaokota. Wakubwa wamekufa na wadogo wazima? Ni oksijeni, wakubwa wanahitaji zaidi ndio hutangulia, rudi juu usome. Wamekufa wa kila saizi, na vyura, na wale wadudu wa juu ya maji nao wamelala? Hiyo ni sumu.

Sumu inayopatikana sana kwetu ni klorini. Mtu kisima kimepungua, anaita boza la maji, linamwaga lita elfu kumi moja kwa moja, maji yametiwa dawa ya kunywa watu na dawa hiyo inachoma mashavu ya samaki. Kama lazima utumie maji ya mfereji au boza, yaweke kwenye tenki wazi siku mbili juani, yakorogwe, ndio uyatie polepole. Unusie kwanza, yakinuka kama kuogelea hotelini, bado.

Inayofuata ni dawa ya shambani. Mtu wa mlimani kwako anapiga mboga dawa ya wadudu, usiku mvua yanyesha, maji yote yateremkia kwako. Dawa nyingi za kupiga viwavi ni kali mno kwa samaki hata kijiko kwenye bwawa. Chimba mtaro kuzunguka bwawa upande wa juu, gharama yake ni siku moja ya jembe. Na nyumbani pia, bomba lililopigia dawa ya kunguni halioshwi bwawani, nimeliona hili kwa macho yangu na mwenyewe alikuwa anashangaa.

Ya tatu, chumvi. Visima vyetu karibu na bahari kipindi cha kiangazi huzidi chumvi, ukivuta sana ndio kabisa maji ya bahari yanasogea chini kwa chini. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Tilapia mkubwa akizoezwa polepole huvumilia mpaka karibu 10 bila makelele, ila vifaranga vya kambare wataanza kuumia mapema zaidi, na kinachoua hasa ni mabadiliko ya ghafla. Ikiwa kisima chako ni cha chumvi mwaka mzima acha kupigana nacho, fuga mwatiko, samaki huyu anaishi maji ya bahari mpaka maji matamu, na huko Mtwapa na Kilifi watu wanamfuga kwenye mabwawa ya kando ya mikoko.

SIMAMA HAPO: ukishuku sumu, samaki hao hawaliwi, hawauzwi, hawapewi paka wala bata. Usiwakaushe ukasema ni ng'onda. Mpigie afisa wa uvuvi wa kaunti, na umpelekee samaki aliye taabani lakini bado yu hai, ndani ya mfuko wa maji yake mwenyewe, pamoja na chupa safi ya maji ya bwawa kwenye barafu. Samaki aliyekufa jana akavimba hana cha kumwambia mtu wa maabara.

DALILI: Miezi minane na samaki bado ni saizi ya kiganja

Hili ndilo lalamiko ninalosikia zaidi ya yote, na jibu lake watu hawalipendi. Samaki wako wamezaana. Tilapia wa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi miwili mitatu tu, na gramu 30 au 50, na jike akishazaa anatunza mayai mdomoni, sasa mtu ana mayai mdomoni atakula saa ngapi? Hakui. Na watoto wake wanakula chakula cha wale ulionunua. Uliweka 300, saa hizi una elfu tatu, unalisha mtaa mzima.

Kuangalia ni rahisi: pita na kipande cha neti ya mbu pembezoni asubuhi, ukitoa vidagaa vingi vya tilapia umepata jibu. Dawa ni kuvua bwawa lote, kutenganisha wakubwa na wadogo, na mara ijayo nunua vifaranga madume watupu kutoka kwa mzalishaji anayejulikana, madume ndio hukua haraka. Njia nyengine ya zamani ni kutia kambare wachache wale vitoto, lakini hao kambare wawe wadogo kuliko tilapia wako wakubwa, la sivyo umemkaribisha fisi kwenye zizi.

Kama hawajazaana, tazama chakula. Watu wengi huku hulisha machicha ya nazi na wishwa kwa kuwa ni bure kutoka jikoni, na mimi sikatai, lakini machicha yamebaki na tui, yachacha kwa saa chache, yaweka mafuta juu ya maji na protini yake ni ndogo. Yatumie kama nyongeza, siyo mlo. Hesabu ya peleti, kile chakula cha punje cha kununua: uzito wa samaki wote mara asilimia 3 kwa siku. Una samaki 500 wa gramu 100, hao ni kilo 50, basi kilo moja na nusu kwa siku, nusu saa tatu asubuhi nusu saa kumi jioni. Ukitupa na baada ya dakika 15 bado chaelea, umezidisha, kesho punguza. Na chakula kilichoshika ukungu gunia chini, usikianike ukakirudisha, ukungu ule una sumu ya ini, tupa tu inauma lakini tupa.

Baridi yetu ya Julai hupunguza hamu ya kula kidogo, si sababu ya miezi minane.

DALILI: Maji ya kijani mno, utando juu, au yananuka mayai viza

Kijani chenyewe si adui, ni chakula. Utando mzito kama rangi iliyomwagika asubuhi upande upepo unakopeleka, ndio tatizo, na chanzo chake ni samadi na chakula kilichozidi. Wacha samadi. Kata chakula. Toa maji ya chini, tia mengine. Utando ukokote na kitambaa.

Sasa kuna watu watakwambia tia mrututu, ile kopa salfeti. Ndugu yangu, mrututu unaua kijani kweli, wote siku moja, halafu unaoza wote siku moja, na oksijeni yaenda nao. Umetibu rangi umezika samaki.

Nyengine ni chokaa. Kila ukiuliza shida yoyote kuna mtu atajibu "mwaga chokaa". Kule bara kwenye udongo mwekundu wenye asidi ni ushauri mzuri. Lakini sisi tumekaa juu ya matumbawe, ardhi yetu yenyewe ni chokaa! Pale Bamburi yale machimbo ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971 yalichimbwa mawe ya matumbawe kutengeneza simiti, na baadaye tilapia wakafugwa humohumo. Kwa hivo pima pH kwanza, yaani kipimo cha asidi ya maji, vile vikaratasi vyake ni bei ndogo. Asubuhi na saa tisa mchana, manake kwenye maji ya kijani jioni hupanda sana. Kati ya 6.5 na 9 usiguse. Kwa nini nasisitiza, ni kwa sababu ya ile amonia. Kwenye maji ya nyuzi 30 na pH 7 sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1, lakini pH ikifika 9 karibu nusu yote yawa sumu. Amonia ni ileile, wewe umepandisha pH kwa chokaa tu, na samaki wamekufa.

Chokaa ina mahali pake, bwawa likiwa tupu baada ya kuvua, unanyunyizia chini kuua vimelea. Ile ya moto ya wajenzi inachoma ngozi na macho, vaa glovu, simama upande upepo unakotoka.

Harufu ya mayai viza ni tope la chini limeoza bila hewa. Usiingie kulikoroga samaki wakiwemo. Vua, kausha mpaka tope lipasuke kama sahani, chota lile jeusi ukaweke kwenye migomba.

DALILI: Maji yanapungua kila siku

Kwanza ujue jua letu na upepo wa kusi hunywa kama nusu sentimita kwa siku, siku kali zaidi kidogo, hiyo si tundu. Kujua, jaza ndoo maji, isimamishe ndani ya bwawa juu ya tofali mdomo ukiwa nje, weka alama ndani ya ndoo na nje kwenye maji ya bwawa. Baada ya siku tatu zisizo na mvua linganisha. Zimeshuka sawa, ni jua. Bwawa limeshuka zaidi, lavuja.

Likivuja anza na paipu ya kutolea maji, pale inapopita ukutani ndio huvuja mara nyingi. Halafu matundu ya kaa, hawa kwa mabwawa ya karibu na mikoko ni mafundi kuliko sisi. Halafu mizizi ya mti uliokatwa ikaoza ndani ya ukingo. Mwisho ni ardhi yenyewe, mchanga na matumbawe hayashiki maji hata uombe dua, hapo ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka au laina, lile turubai jeusi zito la plastiki. Laina ikitoboka, acha maji yashuke mpaka yatakaposimama yenyewe, tundu liko hapo kwenye mstari, usihangaike kulitafuta chini.

SIMAMA HAPO: ukingo ukitoa maji ya tope upande wa nje, au una ufa unaozidi, au sehemu imebonyea, usijaribu kuziba na magunia usiku. Punguza maji kwa paipu, watoe watu na mifugo walioko chini yake, ita mhandisi. Maji masafi yanayotiririka kidogo yaweza kusubiri kesho, ya tope hayasubiri.

DALILI: Vidonda, pamba nyeupe, macho yametoka

Pamba nyeupe juu ya ngozi ni kuvu, na karibu kila mara imekuja baada ya samaki kuchubuliwa na wavu au kubebwa vibaya, siku tatu nne baadaye ndio yaota. Mtenge, muogeshe chumvi ya kawaida, gramu 10 kwa lita, dakika 15 mpaka 30 na usiondoke hapo, akilala ubavu mrudishe maji ya kawaida mara moja. Wakijisugua chini na ukutani, ni vijidudu vya ngozi, chumvi hiyohiyo husaidia.

Mapezi yaliyoliwa na vidonda vyekundu ni bakteria wa majini, ambao wako kila siku ila hushinda samaki akiwa amechoshwa na maji machafu. Rekebisha maji kwanza. Macho kutoka nje na samaki kuogelea akizunguka kama pia, hasa maji yakiwa ya moto sana, hiyo ni nzito zaidi na si ya kutibu kwa kubahatisha.

SIMAMA HAPO: dawa ya binadamu ya kapsuli kutoka duka la dawa usitie bwawani, utafuga bakteria sugu na mtu atakula dawa hiyo na samaki. Ita daktari wa mifugo anayejua samaki ikiwa wanakufa zaidi ya wachache kwa siku siku mbili mfululizo. Wewe mwenyewe kama una kidonda mkononi vaa glovu, mwiba wa tilapia ukikuchoma na mkono ukavimba na kuwaka moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, useme umechomwa na samaki.

DALILI: Samaki wapungua lakini hakuna maiti

Ndege. Mdiria na yangeyange wakijua bwawa lako hawakusahau, tandaza wavu au kamba za kuvuka juu. Kenge naye, ukuta wa mabati wa futi mbili humkatisha tamaa. Kama umechanganya kambare wa saizi mbalimbali, wakubwa wamekula wadogo, hao hawana undugu. Na kuna kenge wa miguu miwili anayekuja na wavu saa nane usiku, huyo dawa yake ni mbwa na taa.

Wengine hutoroka. Mvua za El Niño za Novemba 2023 mabwawa yalifurika watu wakaokota tilapia barabarani. Tia paipu ya kufurikia yenye chujio, ukingo uwe juu ya maji angalau nusu mita, usije ukaingiza samaki wa kufuga kwenye vijito visivyo vyao.

Ukishatatua yote na bwawa limejaa upya, usikimbilie vifaranga elfu. Weka watano tu ndani ya kizimba cha neti katikati ya bwawa, uwaache siku mbili na usiku mbili, uamke alfajiri zote mbili kuwaangalia. Wakiwa wazima asubuhi ya tatu, hapo mpigie muuzaji, na umwambie alete jioni jua likipoa, mifuko yake iwekwe juu ya maji ya bwawa nusu saa kabla hujaifungua.